Leso Isiyo na Sura: Watoto wa Madrasa na Habari za Chege Kibachia

Tuliitwa kuona watoto wakisomeshwa historia. Tulichokikuta kwanza ni ugomvi.

Kitambaa cheupe cha bafta, chenye urefu wa hatua nne, kilikuwa kimetandazwa juu ya mikeka katika baraza ya madrasa moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Swala ya alasiri ilikuwa imekwisha. Watoto 24, wa baina ya miaka 9 na 13, walikuwa wamekizunguka, wasichana upande huu na wavulana upande ule, vidole vyao vimeiva rangi ya buluu na nyekundu. Kundi lililopewa pindo la juu lilikuwa limepiga mihuri ya magunia kwa nafasi ya shubiri moja moja. Kundi la pindo la ubavuni lilikuwa limepiga kwa nafasi ya nusu shubiri. Walipokutana pembeni, magunia ya hawa yalipanda juu ya magunia ya wale, na kila kundi likaapa kwamba kosa si lake.

Mwalimu wao, binti ambaye mwenyewe aliisoma Kurani katika baraza hiyohiyo, hakuamua. "Watu 15,000 wa mji huu walipatana," aliwaambia, "nanyi 24 mmeshindwa kwa sababu ya muhuri wa kiazi?" Akachukua ndoo, akaenda zake kuteka maji.

Kama jina la Chege Kibachia ni geni kwako, msomaji wetu, usione haya. Kwetu sisi pia lilikuwa geni, ilhali wengi wetu tumezaliwa na kulelewa katika kisiwa hiki. Watoto wetu hupita njia ya bandarini kila uchao, huziona winchi zikiinua makontena, na hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba mizigo ile ilikuwa ikipanda na kushuka kwa mabega ya watu, na kwamba siku moja mabega hayo yalikataa.

Mwaka 1947 Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha, lakini dhiki yake haikuwa imekwisha. Bei za vyakula na nguo zilikuwa zimepanda. Mombasa ilijaa watu waliokuja kutafuta kazi, vyumba vikawa adimu, kodi ikawa kubwa, na mshahara wa mtu wa kazi ukabaki nyuma. Januari 13 ya mwaka huo makuli wa Kilindini na wafanyakazi wa reli waliweka kazi chini. Hawakubaki peke yao. Watumishi wa mahoteli waliwafuata, na wapishi na maboi wa majumbani nao wakafuata, hata wagomaji wakakadiriwa kufika 15,000. Walikuwamo Waswahili na Wamijikenda, na walikuwamo waliotoka bara. Waislamu na Wakristo. Walikusanyika katika uwanja wa wazi ambao wenyewe waliupa jina la Kiwanja cha Maskini, na hapo kikazaliwa chama kilichokuja kujulikana kuwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika.

Mgomo ulidumu siku 12 hivi. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alikuja kusema na wagomaji, na ahadi ikatolewa kwamba litaundwa baraza la kuyasikiza madai yao. Aliyeliongoza ni Jaji Thacker, yuleyule ambaye miaka michache baadaye alimhukumu Jomo Kenyatta na wenzake kule Kapenguria. Wafanyakazi wengi waliongezewa mshahara.

Kibachia hakuwa mtu wa pwani wala hakuwa Mwislamu. Alikuwa kijana wa Kiambu aliyesoma katika shule ya Alliance, akaja Mombasa kwa ajili ya riziki kama walivyokuja maelfu. Baada ya mgomo alishika uongozi wa Shirikisho, na kwa kalamu na ulimi wake madai ya watu yakapata mpangilio. Alitaka watu wanaofanya kazi moja walipwe sawa, bila ya kutazama rangi zao. Alitaka dharau aliyofanyiwa mfanyakazi Mwafrika ikome. Alitaka mshahara uzingatie kwamba mtu ana mke na watoto, kwa kuwa waajiri wa wakati ule walimhesabu Mwafrika kana kwamba ni mseja asiye na kwao, tumbo moja na kitanda kimoja. Dai hili ndilo lililowagusa sana watoto wa madrasa. Mvulana mmoja aliuliza, "Sasa hao watoto walikuwa wakila nini?" Mwalimu akamjibu kwamba hilo ndilo swali lenyewe.

Serikali ya kikoloni haikumwacha. Agosti 1947, miezi saba tu baada ya mgomo, alikamatwa akapelekwa Kabarnet, huko Baringo, mbali na bahari na mbali na wenzake, akazuiliwa muda wa miaka 10 hivi. Tunayajua mengi ya haya kwa sababu Makhan Singh, naye mtetezi wa wafanyakazi aliyezuiliwa zaidi ya miaka 11, alipotoka alikaa akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1969.

Mwalimu aliponuia kuwasomesha watoto habari hizi katika likizo, alifikiri kwanza juu ya picha moja kubwa ukutani. Angeigawa picha ya uso wa Kibachia katika miraba 24, kila mtoto apake rangi mraba wake bila ya kuiona picha nzima, kisha miraba iunganishwe na uso utokee. Ni njia nzuri, na shule nyingi ulimwenguni huitumia. Lakini hakufika mbali. Baba mmoja alikuja jioni hiyohiyo akasema kwa adabu kwamba nyumbani kwake hazichorwi sura za viumbe, na hapendi mwanawe afanye madrasani asichokifanya nyumbani. Bibi mmoja akaleta neno jingine: iweje madrasa itukuze mtu asiyekuwa Mwislamu, ilhali tuna mashujaa wetu?

Twaona maneno yote mawili yalistahili jawabu, wala hayakustahili kuchekwa. La pili lilijibiwa na ustadhi mkuu. Aliwakumbusha wazazi mapatano ya Hilful Fudhul. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemeni, aliuza bidhaa zake Makka, na mkubwa mmoja wa Kikureshi akazichukua, akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Watu wenye murua wakakutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaahidiana kusimama na aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwapo naye ni kijana, kabla ya utume, na baada ya utume alisema kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama lile, angeitika. Waliokutana katika nyumba ile hawakuwa Waislamu. Bibi alisikiza mpaka mwisho, akasema, "Basi ni malipo ya mtu," akaondoka ameridhika.

La kwanza lilijibiwa na leso. Wazo lilitoka kwa msichana wa miaka 11, aliyesema kwamba mamake ana leso nyingi wala hakuna hata moja yenye uso wa mtu, na zote zinasema. Mwalimu aliitupa ile picha ya ukutani siku hiyohiyo.

Wanawake wa pwani hatuhitaji kuelezwa leso. Hata hivyo, watoto walipoambiwa waiandike leso mpya kuanzia mwanzo ndipo tulipoona jinsi ilivyopangika. Kuna pindo linaloizunguka, kuna mji katikati, na kuna jina. Mwalimu aliwapanga watoto wanne wanne, makundi sita. Makundi manne yakapewa pindo, moja likapewa mji, moja likapewa pembe za mji. Jina akalizuia kwa wote, mpaka mwisho.

Hapakuwa na uso wala kiumbe. Basi mtu aliyebeba gunia ataonyeshwa vipi? Siku ya pili alialikwa mzee mmoja, babu wa mmoja wa watoto, aliyefanya kazi ya mizigo bandarini zamani za ujana wake. Alikuja na kulabu yake ya chuma, ile ya kunasia magunia, mpini wake umekuwa mlaini kwa viganja. Alitazama magunia yaliyochorwa kwa mkaa juu ya karatasi, akatikisa kichwa. "Haya hayana uzito," alisema. Alimwomba mvulana mmoja apite juu ya mchanga wa uani akiwa mikono mitupu, kisha apite akiwa amebebeshwa ndoo mbili za maji. Wakaangalia nyayo. Za kwanza zilikuwa nyepesi, vidole vimechoreka vizuri. Za pili zilizama kisiginoni na kupanuka. Tangu hapo mji wa leso ulikwishapatikana: nyayo zinazotoka ukingoni mwa bahari kwenda ghalani, kila hatua imezama kuliko iliyotangulia, halafu, katikati kabisa ya kitambaa, nyayo zinasimama. Hapo pamewekwa duara la nyayo nyingi zilizoelekeana. Hicho ndicho Kiwanja cha Maskini.

Baba yule aliyelalamika alikuja kuiona, akasimama kimya kwa muda, akauliza kama kundi la mji linahitaji rangi zaidi. Siku iliyofuata alituma mkebe.

Turudi kwenye lile pindo lililoharibika. Mwalimu aliporudi na ndoo yake aliwakuta watoto wamekaa mbalimbali, wamenuna. Mmoja wa kundi la juu alikuwa tayari kurudia kazi yao yote. Wenzake watatu hawakutaka, kwa kuwa wao walimaliza mapema na hawakukosea. Mwalimu akawauliza: ikiwa makuli waliongezewa mshahara wakarudi kazini, na wapishi wa majumbani wakaachwa, mgomo ungekuwa umefaulu? Hapakuwa na jawabu la haraka. Walibishana mpaka karibu na magharibi. Mwisho walikubaliana kwamba nafasi itakuwa kitanga kimoja cha mkono wa mtoto mdogo kabisa katika wote, na kwamba pembe ile iliyoharibika haitafutwa. Ipo hadi leo, magunia mawili yamepandana, na watoto huwaonyesha wageni pembe hiyo kabla ya kuwaonyesha kitu kingine chochote.

Jina lilichukua siku mbili. "Umoja ni nguvu" lilikataliwa mara moja, kwa hoja kwamba limo katika kila ukuta na hakuna anayelisoma tena. "Kabarnet si mbali" lilipendwa na wavulana, lakini wasichana walisema anayeliona sokoni hatalifahamu, na leso isiyofahamika haivaliwi. Lililoshinda lilitolewa na mtoto ambaye kwa juma zima hakuwa amesema neno: JASHO LANGU LINA MWENYEWE. Sisi tuliokuwapo tulitazamana. Tunazijua leso, jina hilo lingeuzika.

Siku ya maonyesho wazazi walikuja, wengi wao akina mama, pakaandaliwa kahawa na mahamri. Kila kundi lilisimama likaeleza kazi yake. Kundi la pembe lilikuwa limechora vyombo vya waliogoma: kulabu katika pembe moja, nyundo ya reli katika ya pili, sinia la hotelini katika ya tatu, na katika ya nne ufagio, sufuria na pasi ya makaa. Msichana aliyesimama kwenye pembe ya nne alieleza kwamba hata wapishi na watumishi wa majumbani waligoma mwaka 1947. Kisha, bila ya kuambiwa na mtu, akamgeukia mamake: "Mama, na dada wetu hupumzika lini?"

Baraza ilinyamaza. Mama alisema, "Tutazungumza nyumbani." Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba zamu isimfikie yeye.

Tulimtafuta mama huyo baadaye, naye akakubali tuandike bila ya jina lake. Alituambia kwamba kwa siku mbili alimkasirikia mwalimu, akaona ameaibishwa mbele ya watu kwa jambo la ndani ya nyumba. Binti anayefanya kazi kwake ni mtoto wa jamaa, alitoka kijijini akiwa na miaka 18, na sasa ana miaka mitatu katika nyumba hiyo. Haukuwahi kutajwa mshahara. "Tunamlisha, tunamvisha, akiugua tunampeleka hospitali, Idi tunamnunulia nguo," alisema. "Mimi nilijiona namlea." Huamka kabla ya alfajiri na hulala baada ya wote. Alipoulizwa na bwanake ni siku gani binti hana kazi, aliitafuta siku hiyo katika juma, hakuipata.

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa zito, na hatupendi kulipita mbio. Katika jamii yetu mtumishi wa nyumbani mara nyingi si mgeni. Ni mtoto wa shangazi, ni yatima wa jirani, ni binti aliyeletwa "akae na nyinyi". Undugu huo ni neema, na wapo mabinti wengi waliosomeshwa na kuozwa kwa heshima kutoka katika nyumba walizokuja kufagia. Lakini undugu huohuo hutumiwa kuficha deni. Mtu akiwa "mwanetu" haulizi mshahara. Akiuliza huambiwa hana shukrani. Wala hatusemi kwamba kila nyumba ina uwezo. Mume ambaye mwenyewe hajalipwa mwezi huu atamlipa nani?

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Mtume (s.a.w.) ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, yule anayemwajiri mtu akaipata kazi yake kamili kisha asimpe ujira ametajwa miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Na Abu Dharr (r.a.) alionekana Rabadha amevaa nguo ya namna moja na mtumishi wake, alipoulizwa, alieleza jinsi Mtume alivyomkemea zamani kwa kumtukana mtu kwa mamake, na jinsi alivyofundishwa kwamba watumishi ni ndugu zetu, wale tunachokula na wavae tunachovaa. Ustadhi alipoisoma hadithi hii darasani, mtoto mmoja aliuliza kama maana yake ni kumnunulia dada leso ya jozi moja na ya mama. Ustadhi alisema ndiyo, na wala isiwe ile iliyochuja.

Sheria ya nchi nayo ipo. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira mazuri ya kazi, kujiunga na chama na kugoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mapumziko ya siku moja katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kila anapotimiza miezi 12. Haikumtoa yaya wala mpishi.

Katika nyumba ya mama yule, binti sasa hupumzika Jumapili. Mshahara umetajwa kwa mdomo na kuandikwa, na miaka mitatu iliyopita inalipwa kidogo kidogo. Baba ndiye aliyepiga hesabu, na hesabu ilimtisha. Si kila nyumba iliyolipokea hivyo. Mzazi mmoja alimwondoa mwanawe, akasema madrasa imeingia jikoni kwa watu. Mwalimu aliupokea ujumbe huo akanyamaza, na mahali pa mtoto huyo pameachwa wazi.

Nasi hatukutoka salama. Tulipokuwa tukirudi, mmoja wetu alikumbuka kwamba dobi wake alikuja mara mbili juma lililopita akaambiwa "njoo kesho, sina chenji". Alishuka kwenye tuktuk kabla ya kufika kwake.

Mama au mwalimu anayetaka kuifanya kazi hii hahitaji mengi. Bafta ya mita nne yatosha watoto 24. Mihuri ilichongwa kwa viazi vilivyokatwa nusu, na mtu mzima ndiye aliyeshika kisu. Viazi hulainika baada ya siku moja, kwa hiyo pindo lipigwe kwa mkupuo mmoja. Michoro ianze kwa mkaa, kwa kuwa hufutika. Rangi iwe ya kitambaa, si ile ya ukutani, ambayo hukakamaa na kupasuka. La muhimu zaidi ni kwamba historia isimuliwe kwanza, siku mbili nzima, kabla ya mtoto kugusa brashi. Mwalimu alijaribu kinyume chake na kundi la mwanzo, akapata leso nzuri yenye maua na watoto wasiojua wameandika nini. Na makundi yapangwe na mwalimu mwenyewe. Watoto wakiachiwa, marafiki hukaa na marafiki, na hawagombani.

Leso sasa imetundikwa katika baraza, juu kidogo, mahali ambapo watoto wa darasa la chini hawaifikii kwa vidole. Imebaki moja tu, na watoto wamekwishalalamika kwamba leso huvaliwa jozi. Bafta ya pili imenunuliwa. Wasichana wanataka iwe ya Makhan Singh. Wavulana wanasema hawajui watamchoraje mtu aliyekaa kizuizini miaka 11 bila ya kuchora mlango. Likizo ya Agosti ndiyo itakayoamua, na mpaka sasa hawajakubaliana hata rangi ya pindo.